Mtoto Anapouliza, Nani Amjibu?

Wiki tatu zilizopita, katika somo la didaktiki, mwenzetu mmoja alisimama mbele ya darasa kueleza mawazo ya John Holt, mwalimu wa Marekani aliyesema kwamba mtoto anaweza kujifunza nyumbani bila ratiba, bila kitabu cha lazima na bila mtihani, kwa kufuata maswali yake mwenyewe katika maisha ya kila siku. Mwenzetu alieleza vizuri. Alipomaliza, darasa likacheka. Mmoja akasema hayo ni mambo ya watu wenye umeme siku nzima. Mwingine akasema, na hapo ndipo kicheko kilipokuwa kikubwa zaidi: "Kwetu mtoto asiyeenda kwenye masomo tunamwita shege."

Mimi nilinyamaza. Mwalimu aliniangalia kama mtu anayengoja neno langu, nami nikainamia daftari. Wasomaji wa jarida hili wanisamehe kama ninajibu kwa kuchelewa. Nilinyamaza kwa sababu nyumbani kwetu Katuba jambo hilo tumeliishi miezi saba. Hatukulichagua, na wala hatukujua kwamba lina jina.

Kwanza tumtendee haki mtu tuliyemcheka. Holt hakuwa mtu wa kukaa mbali na shule na kuitukana. Alifundisha watoto wa darasa la tano kwa miaka, akawaangalia kwa makini, na mwaka 1964 akatoa kitabu juu ya namna watoto wanavyoshindwa shuleni. Alichoona ni kwamba wengi hawafikiri juu ya hesabu iliyo mbele yao, wanafikiri juu ya uso wa mwalimu: anataka jibu gani, atakasirika lini. Kwanza alitaka shule zibadilike. Alipochoka kungoja, alianza mwaka 1977 kutoa gazeti dogo la wazazi waliokuwa wakifundisha watoto wao nyumbani, na akaliendeleza mpaka kufa kwake mwaka 1985. Neno alilolitunga kwa Kiingereza ni gumu kuligeuza; ukilitafsiri moja kwa moja unapata kitu kama "kutoshulesha", neno ambalo hakuna mama wa Katuba atakayelielewa. Hapa nitasema tu "kumfuata mtoto".

Kumfuata mtoto si kumwacha. Hilo ndilo darasa letu halikulisikia. Katika nyumba za namna hiyo mkubwa yupo. Anapika, mtoto anauliza kwa nini chumvi inapotea majini, naye anajibu au wanajaribu pamoja. Mtoto akipenda baiskeli, watafungua baiskeli. Asiposoma akiwa na miaka sita, wanangoja. Wengine wanasoma wakiwa na miaka minane au tisa na hakuna anayepiga kelele. Kazi ya mkubwa ni kuwa karibu, kuwa na wakati, na kutosema uongo asipojua.

Sasa nije kwetu.

Mwezi wa 3 mwaka 2020 shule zote za nchi zilifungwa kwa sababu ya korona. Mimi nilikuwa mwaka wa sita wa sekondari, nikingoja mtihani wa Serikali ambao haukujulikana utafanyika lini. Mtoto wa dada yangu mkubwa alikuwa na miaka saba, mwaka wa pili wa shule ya msingi. Daftari lake lilikuwa zuri ajabu: sentensi za Kifaransa zilizonakiliwa kwa mwandiko wa duara, alama nyekundu za sifa pembeni. Siku moja nikafunika ubao wa mfano na kumwonyesha neno moja peke yake katikati ya sentensi. Hakuweza kulisoma. Miaka miwili alikuwa akichora Kifaransa kama mtu anavyochora ua.

Nikaamua kuwa mwalimu wake. Nilipaka mlango wa chumba rangi nyeusi, nikapanga saa: lugha, hesabu, mapumziko, sayansi. Tulidumu siku tisa. Siku ya kumi alilia, mimi nikapiga meza, na mama yangu akasema kutoka nje, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuchoka nasi wote wawili: "Umuache huyu mutoto aje kwangu."

Mama yangu, ambaye mtoto humwita nkambo, alikuwa akiuza bunga la mahindi mbele ya lango. Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji kuelezwa, lakini jarida hili linasomwa hata Kisangani na Bukavu, basi niseme: bunga linauzwa kwa meka, kopo ambalo kila mtu anajua kipimo chake, karibu kilo mbili na nusu. Mfuko wa kilo 25 unatoa meka kumi hivi, ukipima kwa haki. Mtoto akakaa pale kwenye kiti kidogo. Kwa siku nyingi hakufanya lolote ila kuangalia. Mimi nilidhani anapoteza wakati.

Swali la kwanza lilikuwa juu ya daftari la madeni. Mama yangu hakusoma sana; wadaiwa wake alikuwa akiwaandika kwa alama: msalaba, nyumba, miduara miwili kwa mama wa mapasa wa nyumba ya pili, na mistari kwa idadi ya meka. Mtoto akataka kujua kwa nini miduara miwili. Akaelezwa. Kisha akasema, na ninakumbuka vizuri kwa sababu niliacha kufua nguo: "Nkambo, na kama mama mwengine anazaa mapasa, utamuchora namna gani?"

Hilo ni swali ambalo sisi katika kitivo chetu tunalipia makuta ili tulisikie katika somo la historia ya maandishi. Alama ya picha inachoka pale watu wanapoongezeka, na hapo mtu anahitaji kuandika sauti. Mtoto wa miaka saba alifika huko kwa sababu ya deni la bunga. Akanijia na kijiti, akaniomba nimwandikie chini neno "mapasa". Niliandika. Akalikata mwenyewe: ma, pa, sa. Siku iliyofuata akaitambua "ma" mwanzoni mwa neno "makala" kwenye kibao cha jirani anayeuza makala, akaja mbio kunivuta mkono kana kwamba ameokota pesa. Kabla ya mwezi wa 6 kwisha daftari la madeni lilikuwa mikononi mwake. Alisoma mfuko wa chumvi, alisoma ujumbe wa simu, alisoma maandishi ya nyuma ya taxi-bus. Yote kwa Kiswahili kwanza, halafu, bila kuambiwa, akaanza kunguruma maneno ya Kifaransa pia na kuuliza maana yake.

Tukio la pili ndilo ninaloona lilinifundisha mimi zaidi kuliko yeye. Wateja walianza kuhama kwenda kwa mama mmoja wa barabara ya tatu, aliyeuza meka kwa bei iliyopungua franka 100. Mtoto akauliza: "Mama mudogo, juu ya nini ule mama anauza mururu na anapata faida?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia pengine mfuko wake anaununua kwa bei nafuu. Hakuridhika. Akaenda kununua meka moja kwa yule mama, tukaimimina katika kopo letu. Halikujaa. Siku nyingine akapita pale na kuangalia kopo lenyewe, akarudi ameshika siri: kitako cha kopo kilikuwa kimegongwa kwa ndani, kimeinuka kama kisigino. Akatafuta kopo la zamani la nkambo wake, akaligonga kitako kwa jiwe, akapima kwa maji. Alihesabu vikombe kabla na baada ya kuligonga. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo inaitwa ujazo, wala kwamba alichofanya kinaitwa majaribio.

Wasomi wengine wataniambia: hadithi ya mtoto mmoja mwerevu. Basi tusikie ya wengine. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha uchunguzi walioufanya mjini Recife, Brazili, juu ya watoto watano wa miaka 9 hadi 15 waliokuwa wakiuza vitu sokoni na barabarani. Walinunua kwao kama wateja wa kawaida na kuwauliza bei na chenji. Watoto walijibu sawasawa karibu mara 98 kwa 100. Baadaye waliwaletea hesabu zilezile kwa karatasi. Zilipovikwa hadithi ya dukani, watoto walipata karibu 74 kwa 100. Zilipokuwa namba tupu, 37. Mtoto mmoja wa miaka 12 aliuza nazi nne za cruzeiro 35 na kusema: 140. Kwenye karatasi, 35 mara 4, akaandika 200, kwa kufuata vibaya kanuni ya "kubeba mbili" aliyofundishwa. Sokoni alijua anahesabu nini. Kwenye karatasi alikuwa akitii.

Nimekutana na mtoto huyo wa Recife mara nyingi hapa mjini, na nadhani msomaji pia.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa 10, tulimrudisha. Dada yangu hakufikiri mara mbili, nami sikumshauri vingine. Mtoto alienda kwa furaha, akitaka kumwonyesha mwalimu kwamba sasa anasoma. Wiki ya pili akarudi na kipande cha ubao kilichofungwa kamba, kile ambacho hupewa anayesikika akisema Kiswahili darasani, naye hukivaa mpaka amkamate mwenzake. Alikuwa ameuliza swali. Sijui lilikuwa swali gani, hakutaka kuniambia. Katiba yetu inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha hizo nafasi ya kufundishia. Shingoni mwa mtoto kulikuwa na kamba. Kwa miezi mingi baada ya hapo hakuuliza tena kitu chochote nyumbani kuhusu masomo. Alinakili. Alama nyekundu za sifa zikarudi.

Kama ningeishia hapa, ningekuwa nimeandika kile ambacho wafuasi wa Holt wangependa kusikia: shule mbaya, nyumba nzuri. Lakini kuna mtoto mwingine.

Katika ua wetu huohuo aliishi mvulana wa umri wake. Shule zilipofungwa, mama yake alimpa ndoo ya maji ya baridi yaliyofungwa katika vifuko vya plastiki akauze kwenye kituo cha taxi-bus. Naye alijifunza. Alijua chenji kuliko mimi, alijua dereva gani analipa na nani anakimbia. Mwezi wa 10 hakurudi shuleni, kwa kuwa pesa za ndoo zilikuwa zimeshakuwa sehemu ya chakula cha nyumba. Leo anapakia mifuko garini. Ukimpa karatasi aandike jina lake, anacheka na kusema miwani yake imebaki nyumbani. Hajawahi kuwa na miwani.

Watoto wawili, ua mmoja, miezi saba ileile, soko lilelile. Nimefikiri sana juu ya tofauti yao, na sikuipata katika akili zao. Mmoja alikaa kando ya mtu mzima aliyekuwa na siku nzima ya kukaa, na nyuma yake alikuwepo msichana wa sekondari asiye na kazi, mimi, aliyeweza kuandika "mapasa" mavumbini alipoombwa. Mwingine alikuwa na maswali pia, bila shaka, lakini aliwauliza madereva. Mmoja aliongozwa na udadisi wake, mwingine na ndoo. Tukisema "maisha ni shule" bila kutazama jambo hili, tunawapa wazazi maskini neno tamu la kufunikia kile wasichokipenda wenyewe.

Na niseme jambo jingine ambalo wanaume wa darasa letu hawakulitaja. Nyumbani kwetu, mtoto wa mjomba, mvulana, alikaa nasi mwezi mzima wakati huo. Alifungua redio mbovu, akaunganisha waya, akatengeneza taa kwa betri, na kila mtu akasema huyu atakuwa injinia. Msichana wetu alipoinama kuangalia waya, aliitwa achague maharage. Niliita mimi mwenyewe, mara zaidi ya moja. Nyumba ina programu yake, hata kama haikuandikwa ukutani, na kwa wasichana programu hiyo ni ndefu. Shule, kwa ubaya wake wote, ina saa ambazo hakuna mtu anayeweza kumwita msichana akaoshe sufuria.

Kwa hiyo simwambii mtu yeyote amtoe mtoto wake shuleni. Nchi zenyewe hazikubaliani juu ya hilo: katika majimbo yote ya Marekani mzazi anaruhusiwa kufundisha mtoto nyumbani, Ujerumani inamlazimisha mtoto kufika shuleni, na Ufaransa, kutoka mwaka wa shule wa 2022, inataka mzazi aombe ruhusa kwanza. Kwetu, ibara ya 43 ya Katiba inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na katika shule za Serikali ni ya bure. Bure hiyo ilianza kutekelezwa mwaka 2019, miaka kumi na mitatu baada ya kuandikwa. Mama wanaopanga mstari alfajiri kuandikisha watoto katika madarasa yaliyojaa hawajakosea. Wanajua kwamba bila diplomu mtoto wao atapakia mifuko, hata akijua ujazo wa kila kopo la Katuba.

Lakini sisi tunaosoma lugha, na tutakaosimama mbele ya watoto hao, hatuna ruhusa ya kucheka tu. Chukua fishi ya somo tunayofundishwa kuandaa kabla ya staji. Ina nafasi ya lengo, nafasi ya vifaa, safu ya kazi ya mwalimu, safu ya kazi ya mwanafunzi. Katika safu ya mwanafunzi tunaandika mapema majibu atakayotoa. Mimi nimejaza fishi hizo nyingi, na mpaka leo sijaona mahali pa swali ambalo mwanafunzi atauliza. Tumeandika mazungumzo yote mawili, letu na lake, kabla ya kumwona.

Katika staji yangu ya mwaka jana, mwaka wa pili wa sekondari, nilijaribu jambo dogo. Dakika kumi za mwisho nilifunga kitabu na kusema kwa Kiswahili: aulize mtu kitu chochote juu ya lugha. Walikuwa zaidi ya hamsini. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikaona aibu. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mvulana wa nyuma, bila kusimama, akauliza kwa nini katika vitabu wanaandika "mtu" na sisi tunasema "muntu", na nani alikosea kwanza. Darasa zima likawaka. Mmoja akaleta Kibemba cha nyanya yake, mwingine Kiluba cha baba yake, wakaanza kulinganisha vichwa vya maneno, "mu-" hapa na "ba-" pale, mambo ambayo sisi tuliyapokea mwaka wa kwanza wa chuo kutoka kwa Bleek na Meinhof yakiwa baridi. Kengele ililia na hawakutoka.

Mwalimu msimamizi alikuwa ameketi pembeni. Kwenye fishi yangu aliandika: "Umetoka nje ya somo." Ni mtu mwema, na kwa kanuni alizopewa alikuwa sawa. Alinipa alama ya kutosha kupita. Ningependa tu kitivo chetu, ambacho ndicho kinachochapa fishi hizo, kiongeze safu ya tatu na kuiacha tupu, na msimamizi atuulize baada ya somo ni nini kilichoandikwa humo.

Mtoto wa dada yangu yuko mwaka wa sita sasa na anajitayarisha kwa mtihani wa taifa. Jioni anakaa na daftari, anakariri, midomo inatembea bila sauti. Nkambo wake hauzi tena bunga, miguu inamsumbua. Jumapili iliyopita aliinua kichwa na kuniuliza, kwa Kiswahili, sauti ya chini kama mtu anayeogopa kusikika: "Mama mudogo, hii neno *volume*, wanasema ni urefu mara upana mara kimo. Lakini ni nini?"

Nilikuwa na kazi yangu ya kumaliza, hii hapa mnayosoma. Nilisimama, nikaenda nyuma ya nyumba, nikatafuta chini ya matofali mpaka nikalipata lile kopo lililogongwa kitako. Lilikuwa na kutu. Nililisuuza, nikamletea na kikombe na ndoo ya maji. Aliliangalia kwa muda, kisha akalishika na kuligeuza chini juu.